Hisa za mkeo na leseni ya uvumbuzi wako

Ndugu, unasema uko maabara ya serikali ya Marekani, kampuni inataka leseni ya uvumbuzi wako, na mkeo ana hisa humo. Mkuu wako anataka ukae kwenye mazungumzo kwa kuwa wewe ndiye unayeijua teknolojia. Usikae.

Mrabaha si tatizo. Sheria ya mwaka 1986 inampa mvumbuzi aliyeajiriwa na serikali angalau asilimia 15 ya mapato ya leseni. Hiyo ni haki yako. Moto uko kwenye hisa. Kifungu cha 208 cha sheria ya jinai kinamkataza mtumishi wa serikali kushughulikia jambo lenye maslahi yake ya kifedha, na kinayahesabu maslahi ya mke na watoto wadogo kuwa yako, na wewe tayari unajua kwamba anazo. (Kusema "nyumbani hatuongelei fedha" hakumshawishi mtu.)

Mwandikie afisa wa maadili leo, kabla ya kikao. Taja thamani ya hisa: zikiwa kidogo, na kampuni imeorodheshwa kwenye soko la hisa, huenda zikasamehewa. Mpaka akujibu kwa maandishi, hata barua pepe ya "ufafanuzi wa kitaalamu tu" kwa kampuni isitoke kwako.