Mwaka wa ishirini tulipanda Kasigau

Wiki hii mmeuliza: "Kumbukumbu ya ndoa iwe sherehe ya ukoo mzima au ya wawili tu?" Mimi nasema ya wawili, na kama miguu inaruhusu, iwe ya kupanda mlima. Tena raha yenyewe haiko kileleni. Iko kwenye ile miezi ya kujiandaa.

Huku kwetu Mombasa ukitaja tu kwamba ndoa inatimiza miaka ishirini, kesho yake mashangazi wameshagawana kazi: nani wa biriani, nani wa mpiga picha, madera ya sare yawe rangi gani. Wenye siku yao hubaki kukaribisha wageni na kulipa madeni. Mama mkwe aliposikia tunakwenda Kasigau, mlima ulioko Taita-Taveta, alinishika mkono: "Mwanangu, hoteli zote hizi za Nyali hamkuziona, mpaka mkatafute mateso?" Nikamjibu, "Mama, hotelini mwanao atakuwa na simu yake." Akacheka, kisha akatuombea dua.

Tabu ya mtu wa Mombasa ni kwamba kisiwa chetu ni tambarare. Mlima Kasigau una mita 1,641, na sisi tunalala karibu usawa wa bahari. Mazoezi utayafanyia wapi? Tulitumia ngazi za jengo tunaloishi, kupanda na kushuka baada ya sala ya alfajiri kabla jua halijawa kali, mpaka mlinzi akauliza kama tumepotelewa na ufunguo. Jumapili tukivuka daraja la Nyali kwa miguu, kwenda na kurudi, begi zimejaa chupa za maji.

Mume wangu kazi yake ni ya zamu bandarini. Kwa miaka mingi tumekuwa tukipishana mlangoni, huyu anaingia, yule anatoka. Miezi ile alibadilishana zamu na wenzake ili tutembee pamoja, na hapo ndipo yalipotoka mambo tuliyokuwa tukiyaahirisha: mkopo wa sacco, mtoto wa kwanza anayetaka kuacha chuo afungue duka la simu, na nani atakaa na mama uzee ukizidi. Sebuleni mazungumzo hayo yangegeuka ugomvi. Ngazini kila mtu anahema, unasema neno lako moja unamwachia mwenzako.

Siku ilipofika, mwezi wa nane, tulipanda basi la Nairobi tukashuka Maungu, kisha tukaacha lami na kushika njia ya vumbi hadi Rukanga, kijiji kilicho chini ya mlima. Tulilala kwenye banda za wageni, na kiongozi wetu alikuwa kijana wa hapo hapo. Asikudanganye mtu kwamba njia inajionyesha. Bila mwenyeji utazunguka tu. Kwa dada watakaouliza: nilivaa suruali pana, dera fupi juu yake na viatu vya kamba. Buibui nililiacha bandani.

Chini ni nyika kavu, miiba mitupu. Ukizidi kupanda mambo yanabadilika, unaingia msitu wenye miti iliyovikwa kuvumwani, ardhi imelowa na baridi inakupiga masikio. Kiongozi alitueleza kwamba unyevu ule unatoka baharini kwetu. Upepo unaubeba hadi bara, ukigonga mlima unapanda, unapoa na kugeuka mawingu, msitu unayanasa. Maji hayo ndiyo yanayoteremka kwa mabomba hadi vijijini. Kusi tunayoilaani ikichafua bahari, huku juu inawajazia watu mitungi!

Kileleni hatukuona kitu. Ukungu mtupu. Mume wangu alitazama kulia na kushoto, akasema, "Bibie, mandhari ndiyo haya." Tukala tende na mahamri ya jana, tukapigwa picha moja ambayo ingeweza kuwa imepigwa popote.

Nililolichukua zaidi ni habari aliyotusimulia kiongozi wetu tukipumzika. Mwaka 1915, wakati wa vita vya Waingereza na Wajerumani, Waingereza waliwatuhumu watu wa Kasigau kuwa wamewasaidia maadui, wakawahamisha kwa nguvu hadi Malindi. Watu wa mlima wakatupwa kwenye joto na malaria ya pwani, wengi wakafa. Walionusurika na watoto wao walirudi kwao miaka ya 1930. Mimi nimezaliwa pwani, nimesoma pwani, na sikuwahi kuambiwa. Tulikaa kimya kidogo, kisha mume wangu akauliza walirudi vipi, kijana akasema babu zake walikuta mashamba yamekuwa pori.

Kushuka ndiko kulikonitoa machozi. Magoti yalitetemeka, kucha za vidole gumba zikageuka nyeusi. Baba watoto alichukua begi langu bila kuulizwa, akatangulia, kila penye utelezi anasimama na kunyosha mkono. Mara mbili nilimwambia aende zake, sitaki huruma. Hakwenda.

Mwakani anataka Vuria, kilele kirefu kuliko vyote vya Milima ya Taita, mita 2,208. Nimeuliza, nikaambiwa kuna minara ya mawasiliano kule juu na njia ya gari inayofika. Yeye anasema kwenda kwa gari ni udanganyifu. Mimi nimeshaweka kiti changu cha mbele, na mahamri safari hii yatakuwa ya moto.