Six2 ikiwaka figo nzima, usiiamini bado

Mkuu, umesema umepaka kingamwili ya Six2 (inayonasa protini Six2, alama ya seli shina za figo) kwenye vipande vya figo ya kijusi cha panya, siku ya 14.5 ya mimba, pakawaka karibu kote, na unauliza kama zote hizo ni seli shina, yaani seli zinazoweza kuzaa aina nyingine za seli. Hapana. Hata mimi niliwahi kuiamini picha kama hiyo kwa wiki kadhaa, na iliniuma sana nilipobaini ukweli.

Tazama kwanza rangi imekaa wapi ndani ya seli. Six2 ni protini inayoongoza jeni, makazi yake ni kwenye kiini, kwa hiyo mng'aro wake sharti ulale juu ya DAPI, rangi inayoonyesha DNA ya kiini. Wangu ulitapakaa nje ya kiini, na sehemu kubwa ya zile nilizoziita seli shina zilikuwa chembe nyekundu za damu, ambazo hung'aa zenyewe bila kupakwa chochote. Nilijua hilo siku nilipopaka kingamwili ya pili (ile yenye rangi, inayoshika kingamwili ya Six2) peke yake kwenye kipande cha jirani, ikatoka picha ileile. Kipande hicho cha ulinganisho nilikuwa nakiruka kwa haraka zangu. Wewe usikiruke.

Six2 ya kweli katika umri huo hukaa pembezoni mwa figo, kama kofia iliyovikwa kwenye ncha za chipukizi la mrija wa mkojo. Pax2, protini nyingine ya kiini, huwasha kofia na chipukizi vyote viwili, kwa hiyo peke yake haitakutenganishia. Ongeza kingamwili ya sitokeratini, protini ya seli za utando, ili chipukizi lijitenge kwa rangi yake. Ki67 nayo inakuambia tu kwamba seli inagawanyika, na kwenye kijusi zinazogawanyika ni nyingi mno.

Sasa tuseme picha imetoka safi. Bado umeona alama tu, ushina hujauthibitisha. Mwaka 2007 Nick Barker na wenzake, katika maabara ya Hans Clevers kule Uholanzi, hawakuishia kuonyesha kwamba alama ya Lgr5 ipo chini ya vishimo vya utumbo. Walitumia panya wenye Cre, kimeng'enya kinachokata DNA na kinachoamshwa na dawa ya tamoksifeni, wakazitia seli hizo rangi ya kudumu, kisha wakafuatilia wajukuu zake kwa siku 60, wakakuta aina zote za seli za utando ule. Kwa c-Kit, alama iliyodhaniwa kuwa ya seli shina za moyo, mambo yalienda kinyume: ufuatiliaji wa ukoo kwa panya mwaka 2014 ulionyesha seli hizo huzaa seli chache mno za misuli ya moyo, na nyingi zikawa za kuta za mishipa ya damu. Alama ilikuwepo, kazi iliyodhaniwa haikuwepo.

Kama huna panya wa aina hiyo, kwenye ripoti andika "seli zenye Six2". Na ukate pia figo ya kinda wa wiki mbili: Six2 hutoweka siku chache baada ya kuzaliwa, kwa hiyo ikiwaka hapo, badilisha kingamwili kabla hujahesabu seli hata moja.