Vidonge vya presha usiviweke pembeni

Marahaba, mwanangu. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani, nihakikishe umeandika kweli ulichoandika. Unasema tangu uanze dawa ya presha umeshikwa na kikohozi kikavu, ngazi za kazini zinakukata pumzi, na mafua hayakauki. Halafu mtu amekutumia mchanganyiko wa kitunguu saumu, tangawizi, limau na asali, eti unasafisha mapafu, unazibua mishipa ya moyo na kupandisha kinga ya mwili, yote kwa mpigo. Sasa unaniuliza kama unaweza kuacha vidonge mwezi mmoja uujaribu.

Usiache hata siku moja.

Tuanze na kikohozi. Chukua pakiti ya dawa usome jina. Kama linaishia na "pril", yaani enalapril, lisinopril, captopril na ndugu zao, basi huenda mchawi wako yumo humo humo. Kundi hilo linajulikana kwa kuwaletea baadhi ya watumiaji kikohozi kikavu cha kukereketa koo, bila homa wala makohozi, na kinaweza kuanza hata miezi kadhaa baada ya kidonge cha kwanza. Dawa hizo huzuia kimeng'enya kinachopandisha presha, lakini kimeng'enya hicho hicho ndicho huvunja kemikali iitwayo bradikinini. Isipovunjwa hurundikana, na koo linawasha. Kama ndicho chanzo, mapafu yako hayana uchafu wa kusafishwa. Daktari akikuhamishia kundi lingine, mara nyingi kikohozi huisha ndani ya wiki chache. Mwachie yeye abadilishe. Na kikohozi kikipita wiki 2, asikisie tu: akupime kifua kikuu, na aangalie kama si pumu. Ila midomo, ulimi au uso ukivimba ghafla, usingoje miadi, kimbilia hospitali, kwa sababu dawa hizo mara chache huleta uvimbe unaoziba njia ya hewa.

Turudi kwenye huo mchanganyiko. Unachokunywa kinakwenda tumboni. Kikienda mapafuni, umepaliwa. Njia za hewa zina vinyweleo vidogo mno vinavyofagia ute na vumbi kuelekea kooni usiku na mchana, na adui yao mkubwa ni moshi. Kama bado unavuta sigara kwa kujificha (mama yako anasema harufu anaijua), acha hiyo kabla ya kununua hata tangawizi moja.

Asali ni nzuri kwa kikohozi cha mafua, inatuliza koo. Mtoto mchanga tu asilambishwe kabla hajatimiza mwaka 1, kwa sababu ya hatari ya botulizimu, sumu ya bakteria inayolegeza misuli. Kitunguu saumu kimeonekana kushusha presha kidogo. Nasema kidogo, hakishiki nafasi ya kidonge. Ukila cha kwenye mboga hakuna neno, lakini cha kumeza kwa wingi kila siku, au cha vidonge, kinaweza kuzidisha kutoka damu, hasa kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin au aspirini. Ukienda kung'oa jino, mwambie daktari. Na kama kweli uko kwenye dawa za "pril", jihadhari na zile chumvi mbadala zinazotangazwa kwa wenye presha: nyingi zina potasiamu, na dawa yako nayo huifanya ibaki mwilini. Ikizidi, inavuruga mapigo ya moyo.

Najua utaniambia, "Baba, vitu vya asili havidhuru." Finland walijaribu kuwapa wavutaji sigara wanaume zaidi ya 29,000 vidonge vya vitamini E na vya beta-karotini, ile rangi ya karoti, wakitumaini kuwakinga na saratani ya mapafu. Matokeo yalitoka mwaka 1994: waliomeza beta-karotini walipata saratani hiyo zaidi ya wenzao, kwa asilimia 18. Karoti ya kwenye sahani haijamdhuru mtu.

Kwenye mazoezi sitakubembeleza. Mimi nimekaa nyuma ya usukani wa basi maisha yangu yote ya kazi, kwa hiyo habari hii inanigusa. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walikuwa gari moja, barabara moja. Dereva kakaa, kondakta anapanda na kushuka ngazi kutwa akikata tiketi. Makondakta waliugua ugonjwa wa mishipa ya moyo kidogo kuliko madereva. Wabishi wakasema labda madereva ni wanene tangu mwanzo, Morris akaenda kuangalia mpaka vipimo vya viuno vya suruali zao za sare! Kweli vilikuwa vipana zaidi, ila kondakta alikuwa na nafuu, awe mwembamba au mnene.

Mazoezi hayakuzi mapafu. Yanaufanya moyo usukume damu nyingi kwa pigo moja, na misuli ya miguu ijue kunyonya oksijeni vizuri, kwa hiyo ngazi zile zile zinadai pumzi kidogo. Kwa wenye presha kama sisi, kutembea kwa kasi mara kwa mara hushusha namba ya juu ya presha kwa milimita 5 hadi 8 za zebaki hivi. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki. Anza na dakika 10 baada ya kazi. Kasi utaijua kwa mdomo: uweze kuongea, ila kuimba kukushinde. Lakini kwanza mwambie daktari habari ya ngazi, kwa sababu pumzi kukatika kunaweza kutoka moyoni. Kifua kikibana, au maumivu yakienda mkononi au tayani, simama na utafute msaada.

Mafua yasikutishe. Mtu mzima kuugua mara 2 au 3 kwa mwaka ni kawaida, na wewe una mtoto wa chekechea anayekuletea zawadi kila wiki. Vitamini C haizuii mafua kwa watu wa kawaida. Wewe unalala kwa muda wa saa ngapi kila usiku? Wanaolala muda usiofika saa 6 kwa usiku hushikwa na mafua kirahisi zaidi, na simu yako naiona iko hewani usiku wa manane.

Kabla ya kwenda kwa daktari, jipime presha asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Kaa umeegemea kiti dakika 5, miguu yote chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi na si juu ya shati, na usiongee. Andika namba zote mbili na saa, upeleke karatasi hiyo pamoja na pakiti ya dawa. Ukitoka huko nipigie uniambie wamekubadilishia nini.

Baba yako