Maswali ya Wasomaji: Nasoma Jiografia, Nitafanya Kazi Gani?

SWALI: Shikamoo Mama. Niko mwaka wa tatu, nasoma jiografia na mazingira chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Naishi kwa mama mdogo Kigogo, karibu na Mto Msimbazi. Mvua za masika zikikolea tunapandisha magodoro juu ya kabati. Darasani tunasoma mafuriko ya Bangladesh. Fildi ya mwaka jana nilipangiwa ofisi moja, nikaimaliza kwa kupiga fotokopi na kugonga mihuri. Sasa tunatakiwa kuandika riseachi, na wenzangu wananishauri nichukue ya mtu aliyekwisha kumaliza, nibadilishe jina la wilaya, nipate alama zangu niondoke. Nyumbani kila wakipiga simu wanauliza: ukimaliza utafanya kazi gani? Nakosa la kuwajibu.
Msomaji wa Kigogo

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo riseachi ya mtu usiiguse. Unaniuliza kazi iko wapi, na huku umeshaitaja mwenyewe kwenye barua yako: maji yanayoingia kwa mama yako mdogo.

Nimefanya kazi ya mipango miji manispaa mpaka nikastaafu, na vijana wa fildi nilikuwa nawapokea kila mwaka. Niliyekuwa natamani abaki ni yule ambaye ukimwambia mfereji wa mtaa fulani umeziba, anajua aanzie kwa mjumbe gani, na jioni anarudi na mchoro, vipimo na idadi ya nyumba. Wengi walikuwa na alama nzuri. Wenye uwezo huo walikuwa wachache, na sikuwalaumu, maana hakuna aliyewahi kuwapeleka mtaani. Kijana kufundishwa miaka miwili halafu kuwekwa kwenye mashine ya fotokopi ni jambo linaloniuma sana. Maofisa wenzangu mnaosoma hapa, mpeni mwanafunzi tatizo moja la kweli, hata dogo.

Ukitaka mfano, uko hapa hapa mjini. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia kwenye kata zinazofurika, wakashirikiana na wakazi kuchora nyumba, vichochoro na mifereji, wakaviweka kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambako yeyote anavitazama bila kulipa. Mwaka uliofuata Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar ilipokuwa ikipiga picha visiwa kwa droni, wanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, walikuwamo kazini. Ile kazi ya Dar ndiyo iliyozaa taasisi ya OpenMap Development Tanzania. Vijana wale walianza na mifereji ya maji machafu, mwanangu, na chaki ya mhadhiri ikawa kazi ya mshahara.

Sasa riseachi yako. Usiandike "Athari za Mafuriko Dar es Salaam", hiyo imeshaandikwa mno. Chukua mtaa wenu peke yake na uulize: mfereji upi ukiziba maji huingia nyumba zipi, na watu hupata taarifa kwa nani kabla maji hayajafika? Mtafute supavaiza mapema umweleze hivyo hivyo. Chukua barua ya chuo, fuata kibali wilayani, kisha uende kwa mtendaji na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Muombe akupe mjumbe wa kutembea nawe. Watafute wanaoyakumbuka maji ya Desemba 2011, yale yaliyoua makumi ya watu mjini na kuwafanya wengine wahamishiwe Mabwepande. Usimuulize mtu "athari zilikuwa kubwa kiasi gani". Muulize maji yalimfika kwenye kifundo, goti au kiuno, akuonyeshe ukutani, nawe upime kwa futi. Majibu yajaze kwenye simu kwa KoboToolbox, yaani fomu za kidijitali za kukusanyia taarifa, na ramani uichore kwa QGIS, programu ya kompyuta ya kuchorea ramani. Programu hiyo ni bure, na mkiitumia vizuri maabara ya chuo inatosha.

Hapa nataka unisikilize kwa makini. Watu wa bondeni wana sababu ya kumwogopa mtu mwenye kalamu. Mwaka 2015 waliona alama za X zikipakwa kwenye kuta, kisha nyumba zikavunjwa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa Bonde la Msimbazi, na mambo ya fidia na kuhama yakawa mazungumzo ya kila baraza. Ukibisha hodi, watadhani wewe ni mthamini, au umeletwa kuwahesabu waondolewe. Kwa hiyo jitambulishe kabla hujaketi: mimi ni mwanafunzi, naishi kwa fulani, sina fidia ninayoileta na sina nyumba ninayoivunja. Asiyetaka kuongea, mshukuru uende. Jina la mtu usiliweke kwenye ramani. Na usimwahidi mtu chochote, hata kwa huruma, kwa sababu wewe ndiye utakayekutana naye kisimani kesho.

Ukimaliza, nakala moja ipeleke chuoni, na ramani kubwa iliyochapwa uibandike ofisi ya serikali ya mtaa. Omba dakika chache kwenye mkutano wa mtaa uwaeleze wakazi ulichokiona. Watakusahihisha, nawe sahihisha ramani. Hilo liandike kwenye wasifu wako kwa sentensi moja, lenye jina la mtaa na idadi ya nyumba ulizopima. Kwenye usaili utaulizwa swali la vitendo, na utajibu kwa kitu ulichokifanya.

Nyumbani waambie hivi: nachora ramani ya mafuriko ya mtaa wetu, na wanaohitaji watu wa kazi hiyo ni halmashauri, TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), Msalaba Mwekundu, na kampuni zinazofanya tathmini ya athari kwa mazingira. Waambie pia kuwa utaomba nafasi za utarajali zikitangazwa. Ajira inaweza kuchelewa hata kwa aliyejiandaa, na hilo usiwafiche wazazi. Bumu la mwisho usilimalize lote kwa simu mpya, weka akiba ya nauli ya usaili.

SWALI: Mwanangu anasoma sosholojia na majirani wananiambia nimepoteza hela. Nimwachishe aende VETA akasomee umeme?
Mzazi, Muheza

JIBU: Ndugu yangu, umeme ni kazi nzuri, na kama kijana mwenyewe anaupenda, mpeleke. Lakini usimwachishe kwa maneno ya majirani. Kila halmashauri ina maofisa maendeleo ya jamii, na ndio wanaohangaika na vikundi vya mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Vikundi vingine hukwama kurejesha, na kujua kwa nini vinakwama ni kazi ya msomi wa sosholojia hasa. Likizo hii nenda naye kwa ofisa wa kata yenu, umwombe amruhusu kijana akae kwenye vikao vya vikundi na kumsaidia kuandika kumbukumbu. Akirudi chuoni muulize mwenyewe kama anataka kuendelea.