Muulize Fundi: Mipira ya theluji imefuata nini Pemba?

Barua mbili za mwezi huu zimenichekesha, maana zinajibizana bila ya wenyewe kujuana. Mmoja yuko Wete, amekalia mipira ya theluji, yaani mipira ya gari iliyotengenezwa kwa kutembelea juu ya theluji, na hana habari. Mwengine yuko Chake Chake, mwanawe yuko kwenye theluji na anaililia hiyo mipira. Nimeziweka mwanzo. Ya tatu ni ya kijana wa Fuoni, na jibu lake halina maneno mengi.

*Asalaam alaykum Ami Fundi. Nimeletewa Harrier kutoka Japani, ina miezi minne tangu ishuke bandarini. Mipira yake ina kashata nene kama mipya, na kila anayeiona ananambia nimepata bahati. Lakini nikikata kona gari inayumba kama dau, na ile mvua ya juzi nilifunga breki mteremkoni ikaserereka hadi ikasimama mbele ya pua ya ng'ombe wa watu. Fundi mmoja kasema shokapu, nikabadilisha. Wa pili kasema bushi, nikabadilisha. Bado inayumba, na kashata zenyewe zimeshaanza kuliwa. Nifanye nini? Na kama ni mipira, hii nikiitoa nimuuzie nani? — Mama wa Watoto Wanne, Wete*

Waalaykum salaam, dada yangu. Pole kwa hizo shokapu. Kabla hujamruhusu fundi wa tatu kuigusa gari, chukua kitambaa kibichi ukafute ubavu wa mpira mmoja. Tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji, ile yenye pembe sita. Kwa gari iliyotoka Japani pengine utakuta na neno STUDLESS kwa herufi kubwa, au jina kama Blizzak, iceGUARD au Winter Maxx. Ukiona moja katika hayo, ugonjwa tumeshaujua: gari yako imevaa sweta la sufi mchana wa kaskazi.

Mipira hiyo si mibovu. Iko ugenini tu. Kaskazini ya Japani, Hokkaido na majirani zake, watu hubadilisha mipira kila mwaka: theluji ikikaribia hufunga hii, ikiyeyuka hurudisha ya kawaida. Gari ikiuzwa wakati wa baridi husafiri na mipira iliyonayo mguuni. Zamani walikuwa na mipira yenye misumari ya chuma, lakini misumari ikisaga lami, na vumbi lake watu wakilivuta kifuani, mpaka mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuipiga vita. Ndiyo maana ya lile neno STUDLESS: mpira usio na misumari. Na kwa kuwa misumari hakuna, kazi yote imeachiwa mpira wenyewe. Ukafanywa laini, ukachanjwachanjwa vijistari vyembamba juu ya kila kashata ili ung'ate barafu. Vitazame kwa karibu, ni kama changu aliyechanjwa tayari kwa kupakwa. Bonyeza kwa ukucha, utauona unaingia.

Ulaini huo ndio unaokuponza. Unayajua mafuta ya nazi: asubuhi ya kipupwe yameganda chupani, mpaka uyaanike juani ndipo yamiminike. Mpira wa kawaida nao una tabia hiyo, ila wake huanza mbali zaidi. Joto likishuka chini ya digrii 7 au hapo hapo, hukakamaa na kuteleza. Wa theluji umechanganywa makusudi usikakamae kwenye baridi hiyo. Sasa sisi, hata kipupwe kikikaza wazee wakatoa makoti, digrii 7 tutaisikia redioni. Lami yetu ya adhuhuri huikanyagi kwa mguu mtupu. Juu ya lami hiyo zile kashata laini hulegea, kila moja ikainamia upande wake, na ndiko kuyumba kwako. Ukifunga breki hupinda badala ya kushika. Na huliwa mbio mbio kama raba ya kufutia ya mtoto wa skuli.

Nayajua haya kwa sababu yalinikuta mimi mwenyewe. Nilikuwa na Escudo, nikanunua mipira minne ya mtumba mjini Unguja. Muuzaji, simtaji, alinibonyezea kashata mbele ya macho yangu akasema, "Fundi, hii laini, inashika kama gundi." Mimi fundi mzima nikaingia. Asubuhi moja ya masika natoka Mkoani kwenda Chake, nikagusa breki konani, gari ikafuata njia yake. Tuliishia kwenye mihogo. Mwenye shamba akahesabu mashina 17, nikamlipa 17. Jioni nikaufuta ubavu wa mpira, kile kijilima kikanitazama.

Basi ununue nini? Fungua mlango wa dereva, pale pembeni kuna karatasi ya kampuni yenye kipimo cha mpira na upepo wake. Harrier nyingi zinazotufikia ni 225/65R17. Hiyo 225 ni upana kwa milimita, 65 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya huo upana, 17 ni rimu kwa inchi. Baada yake huja kitu kama 102H. Namba ni mzigo, na 102 ni kilo 850 kwa kila mpira. Usishuke chini ya namba iliyoandikwa mlangoni, wewe na watoto wanne na magunia ya karafuu. Herufi ni mwendo: H ni kilomita 210 kwa saa, na mipira ya theluji ya Kijapani mara nyingi huwa Q, yaani 160. Najua hutakwenda 160 njia ya Konde. Nakutajia Q kwa sababu ni alama nyengine ya kuukamatia mpira wa theluji kama ubavu umechakaa.

Kama safari zako ni Wete na Chake kwa lami, chukua ile iliyoandikwa H/T, yaani mipira ya barabara kuu. Kama masika unashuka vijijini kwenye udongo mwekundu, chukua A/T, yaani ya kila aina ya njia, kashata zake pana hujisafisha tope; itanguruma kidogo kwenye lami, utaizoea. Nyingi katika hizo A/T zina herufi M+S. Usiikimbie kwa hiyo. M+S ni kashata ya tope na theluji kwa umbo tu, haina maana kwamba mpira ni laini. Unaoukimbia ni mlima na chembe.

Na usome tarehe. Mwisho wa yale maandishi yanayoanza na DOT kuna namba nne: 3123 ni wiki ya 31 ya mwaka 2023. Muuzaji wa mtumba atakuonesha kashata, wewe muoneshe namba. Mpira huzeeka hata ukikaa dukani. Mimi uliopita miaka sita siufungi kwenye gari ya mtoto wa mtu, ung'ae vipi.

Jambo la mwisho, na hili hukuniuliza. Gari iliyokuja na mipira ya theluji aghlabu imekanyaga chumvi, maana wenzetu humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu. Ipandishe gari, mulika chini kwa tochi: mabomba ya breki, mikono ya magurudumu, mahali bodi ilipounganishwa. Kutu ya juu juu isikutishe. Inayobanduka kama magamba, itengenezwe sasa, kabla upepo wetu wa bahari haujaongeza wake.

*Fundi, salaam. Mwanangu yuko Montreal, Kanada, anasoma na kufanya kazi. Amenunua RAV4 ya 2019 iliyotumika, kanitumia picha, mipira yake mizuri, rimu za inchi 19 zinang'aa. Juzi kapiga simu nimsaidie fedha anunue mipira minne mengine na rimu nne nyengine. Gari ina magurudumu manne, yeye anataka manane. Nimwamini? — Mzee wa Chake Chake*

Mwamini, mzee wangu, tena asichelewe. Montreal iko jimbo la Quebec, na Quebec wana sheria: kuanzia 1 Disemba mpaka 15 Machi gari iliyosajiliwa kwao lazima iwe na mipira ya theluji, yote minne. Asiyekuwa nayo hutozwa faini ya dola 200 mpaka 300. Alama inayotakiwa ni ile ile ya mlima na chembe, ile niliyomwambia dada wa Wete aikimbie. Yeye aitafute.

Vijana wenziwe huenda wakamwambia RAV4 yake inavuta kwa magurudumu yote manne, haina haja. Kuvuta humsaidia kuondoka. Kusimama ni kazi ya mpira, na kwenye barafu mpira mgumu hausimami. Asinunue miwili pia, ya mbele tu. Mbele itashika na nyuma itateleza, gari imgeukie.

Sasa hayo manane. Angeweza kutumia rimu alizonazo, lakini kila mwaka mara mbili atalipia kuvua mpira na kuvisha mwengine, na midomo ya mpira huchubuka kwa kuvuliwa. Akiwa na rimu za pili, ni jeki na spana, nusu saa kazi imekwisha. Mwambie hizo za baridi zisiwe inchi 19, achukue 17 za chuma, nyeusi, zisizo na mapambo. RAV4 ya mwaka ule ilitoka kiwandani na 235/55R19 na pia na 225/65R17, kwa hivyo havunji kitu. Nimepiga hesabu: gurudumu la 19 lina kimo cha milimita 741, la 17 lina 724, tofauti haifiki hata asilimia 3. Anachopata ni mpira mwembamba kidogo unaokata theluji badala ya kuelea juu yake, ubavu mnene wa kupokea mashimo ambayo barafu huyachimba barabarani, na bei ndogo zaidi. Na zile rimu zake zinazong'aa zitalala stoo, zisiliwe na chumvi.

Akienda kununua aseme: nati tano, duara la nati milimita 114.3, tundu la kati milimita 60.1. Kisha aulize nati. Rimu nyingi za sport za Toyota hufungwa kwa nati yenye uso bapa na washa, na za chuma hutaka nati yenye uso wa koni. Nati bapa kwenye rimu ya koni utaikaza mpaka mkono uume, na bado itajifungua njiani. Hili nimelikuta gereji kwangu zaidi ya mara moja, bila ya theluji yoyote. Akishafunga, baada ya kilomita 100 azikaze tena.

Ndani ya rimu zake za sasa kuna vidude vidogo vinavyopima upepo. Rimu mpya zisipowekewa vyake, taa ya njano itawaka dashibodini msimu mzima. Si hatari hiyo, ila hataambiwa upepo ukipungua, na kule hupungua wenyewe: kila joto likishuka digrii 5 au 6, pauni 1 ya upepo huondoka. Mpira uliojazwa pauni 33 ndani ya gereji yenye digrii 20, gari ikilala nje kwenye 20 chini ya sifuri, asubuhi una 26 hivi. Hakuna pancha hapo. Anunue kipimo chake, apime mipira ikiwa baridi.

Picha akikutumia na rimu nyeusi mbaya mbaya, ujue amesikia.

*Shikamoo Fundi. Nina RAV4, nimepata rimu za sport za X-Trail, nati tano, zimeingia bila ya kulazimisha. Nikifika 80 stelingi inatetemeka. Balansi nimefanya mara mbili. — Kijana wa Fuoni*

Marahaba. Zimeingia, hazijakaa. Nati zimelingana, 114.3 zote, lakini tundu la kati la Nissan ni milimita 66.1 na kitovu cha Toyota, kile chuma kinachoingia tunduni, ni 60.1. Rimu yako inaning'inia kwenye nati, haikukalia kitovu. Tafuta pete za plastiki ngumu au alumini, nje 66.1, ndani 60.1, nne, zivishe kabla ya rimu. Bei yake haifiki hata balansi moja uliyofanya. Na ukiwa umeinama hapo, angalia uso wa nati kama nilivyomwambia mzee.

Sikulisahau swali la mwisho la Mama wa Watoto Wanne. Hiyo mipira usimuuzie mwenye teksi wala mwenye daladala, hata akikusihi, hata akiibonyeza na kuisifu. Muuzie mwenye gari ya ng'ombe. Haitokwenda mbio, haitopata moto, kashata zitamfaa kwenye tope. Mwambie wazi kuwa ni ya theluji, atacheka na atanunua. Na yule ng'ombe uliyesimama puani mwake, mwenyewe si unamjua?