Talaka kwa simu, na watoto wamepelekwa Lamu: uanzie wapi

Pole sana, dada. Umesema mumeo amekuandikia talaka kwa simu, watoto wawili amewapeleka kwa mamake Lamu, nawe uko Malindi bila pesa za wakili.

Hapo pana mambo mawili, usiyachanganye. Talaka, kwa kuwa nyote ni Waislamu, ipeleke Mahakama ya Kadhi hapo Malindi. Ujumbe ule usiufute hata ukikuchoma roho, ni ushahidi. Matumizi ya eda, yaani ule muda wa kungoja baada ya talaka, na mahari iliyobaki, dai huko huko kwa Kadhi.

Watoto sasa. Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 hutanguliza maslahi ya mtoto, na kifungu cha 53 cha Katiba kinawapa baba na mama wajibu sawa, wawe wameoana au la. Kwa hiyo maneno ya wazee kwamba "watoto ni wa baba" yasikutishe. Mwone kwanza afisa wa watoto. Anaweza kumwita mumeo mkaandikishana makubaliano bila kesi. Akikaidi, ni Mahakama ya Watoto.

Binamu yangu, kwa kesi kama yako, alikwenda na mkoba wake wa ukili umejaa: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, risiti za karo, jumbe za M-Pesa amezichapisha. Zile risiti ndizo zilizombeba, si machozi, na alilia kweli.

Kwa wakili wa bure, waulize FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, au Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria. Na tafadhali, usipande boti kwenda kuwanyakua watoto usiku.