Mwili wa Zamani Haupo: Kwa Uliyekuwa Bonge Tangu Utotoni

Ushauri mwingi wa kupunguza uzito unatolewa na watu waliowahi kuwa wembamba. Mmoja alinenepa baada ya kujifungua, mwingine baada ya kuoa na kupikiwa vizuri, mwingine alipopata kazi ya kukaa na gari la kumfikisha mlangoni. Akapungua, akaweka picha mbili pamoja, akaandika "nimerudi". Nawapongeza kwa dhati. Lakini kama wewe ulikuwa bonge tangu chekechea, ushauri wao utakuchosha bure, kwa sababu sisi hatuna pa kurudi. Mimi sina hata picha moja ya wembamba wangu. Gauni langu la Komunyo ya kwanza lilikula kitambaa cha mtu mzima.

Sasa mwenyewe ni fundi cherehani, hapa Majengo, Moshi. Nina urefu wa mita 1.66. Nilifika kilo 108, leo nina kilo 81, na kazi hiyo imekula miaka, si miezi. Presha iliyokuwa imeanza kupanda imetulia. Naandika kwa mtu mzima ambaye unene ndio mwili pekee anaoujua.

Kwanza ujue mwili wako ulivyo. Mafuta ya mwilini hukaa kwenye seli zake maalumu, na idadi ya seli hizo hujengeka utotoni na ujanani. Mwaka 2008 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba mtu akishakuwa mkubwa idadi hiyo haibadiliki sana: kila mwaka karibu asilimia 10 ya seli hufa na nyingine huzaliwa kushika nafasi zake. Hata watu waliofanyiwa upasuaji wa tumbo wakapungua sana, seli zao zilisinyaa tu, idadi ikabaki vilevile. Aliyekua akiwa mnene huingia utu uzima na seli nyingi kuliko wenzake. Na damu nayo ina sehemu yake. Mwaka 1986 huko Denmark walichunguzwa watu walioasiliwa wakiwa watoto, na unene wao ulifanana na wa wazazi waliowazaa, haukufanana na wa waliowalea. Nilipoyajua haya nililia, na hayakuwa machozi ya huzuni. Miaka yote niliitwa mlafi, na dada yangu niliyekula naye sahani moja alikuwa kama mshumaa.

Jambo la pili ni njaa. Ukipunguza uzito, homoni inayouambia ubongo kwamba akiba ipo hushuka, na ile inayoamsha hamu ya kula hupanda. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne waliwafuatilia watu waliopungua kwa chakula kidogo sana, wakakuta mwaka mmoja baadaye homoni hizo bado hazijakaa sawa na njaa bado ipo juu. Kwa hiyo ukipungua kilo sita halafu ukaanza kuota chapati usiku, usijitukane. Mwili unadai ulichozoea. Ndiyo maana siamini mpango wowote wa wiki mbili au mwezi. Nimewabania magauni ya sendoff mabibi harusi waliokaa na maji ya limao na mayai ya kuchemsha, na baada ya miezi michache wameniletea nguo zilezile niziachie. Wao angalau walikuwa na mwili wa kawaida wa kurudia. Sisi hatuna hata huo, na deni la njaa mwili unatudai vilevile.

Sasa habari njema, na hii naomba uishike. Mwaka huohuo wa 2011 ulitoka uchambuzi wa watu zaidi ya 6,000 wa Marekani, Finland na Australia, waliopimwa wakiwa watoto na kufuatiliwa kwa wastani wa miaka 23. Waliokuwa wanene utotoni wakabaki wanene ukubwani walikuwa na hatari kubwa ya kisukari, presha na mafuta mabaya kwenye damu. Lakini waliokuwa wanene utotoni, na ukubwani hawakuwa tena kwenye kundi la unene uliokithiri, hatari yao ilifanana na ya watu ambao hawakuwahi kuwa wanene kabisa. Maana yake utoto haujatufunga.

Kundi hilo linaanzia pale ambapo uzito wako kwa kilo, ukigawanywa kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe, unafika 30. Kwa urefu wangu mstari huo uko kwenye kilo 83 hivi. Uzito unaoitwa wa kawaida unaishia chini ya 25, yaani karibu kilo 69. Mimi niliamua kuvuka mstari wa 83 na kukaa huko. Sijaahidi mtu kilo 69, na wewe usikubali kupangiwa namba na mtu asiyeujua mwili wako. Hata kupungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito ulioanza nao kunashusha presha na sukari. Kwangu ilikuwa kama kilo 5 hadi 11, na presha ilianza kukaa vizuri kabla majirani hawajaona tofauti yoyote.

Kama huna mizani, tepu ya fundi inatosha. Ipitishe katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, tumbo ukiwa umeliachia, umeshatoa pumzi. Usilivute ndani, nawaona wateja wangu wakilivuta, na nguo ikija inabana. Kwa mwanamke, zaidi ya sentimita 80 hatari imeanza, zaidi ya 88 imekuwa kubwa. Kwa mwanamume ni 94 na 102. Kuna miezi mizani iligoma kabisa, lakini tepu ikaendelea kusogea.

Kabla ya kubadilisha chochote, nenda ukapime presha na sukari. Kama tayari unameza dawa za presha, au unatumia vidonge vya sukari au insulini, mwambie daktari unachotaka kufanya. Ukianza kula kidogo na dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka ghafla ukaanguka barabarani.

Tuje jikoni. Hapa kwetu Uchagani chakula ni upendo. Bibi yangu wa Kibosho alipika mtori wa ndizi mshare na nyama ya mfupa, akaongeza siagi kwa mwiko, na ukimaliza bakuli bila kuomba uongezewe alidhani unaumwa. Sikuacha mtori, na sitaki uuache. Nilichobadilisha ni kilichoingia ndani yake. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori 120 hivi. Jikoni kwangu mafuta yalimiminwa kutoka kwenye dumu kwa macho, mpaka kitunguu kielee. Siku nilipoanza kuyapima kwa kijiko, nyumba nzima ilipungua kula mafuta na hakuna aliyelalamika kuhusu ladha. Siagi ya mtori niliiondoa. Supu ya mfupa wenyewe inatosha. Kama una nguvu ya kubadilisha kitu kimoja tu, anza na kumimina mafuta.

Cha pili ni sukari ya chai. Miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC iko hapo Arusha Chini tu, na sisi tunakunywa chai kana kwamba shamba ni la familia. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 4. Cha kwetu hujazwa mlima. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, na ingekuwa bora isizidi 5, ambayo ni kama vijiko sita kwa siku nzima, soda na juisi zikiwemo. Soda moja ya mililita 350 peke yake ina zaidi ya gramu 35. Nilipunguza nusu kijiko, nikakaa hapo mpaka ulimi ukazoea, nikapunguza tena. Leo nakunywa chai ya tangawizi bila sukari na naifurahia kweli.

Sahani yangu ya mchana sasa inaanza na mboga. Mnafu, mchicha, majani ya maboga, vyote soko la Mbuyuni ni vya bei ya kawaida, na mnafu nauweka mwingi mpaka unachukua nusu ya sahani. Halafu maharage, au dagaa, au perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu akija mzuri. Ugali au ndizi vinafuata kwa nafasi iliyobaki. Protini inashibisha muda mrefu na inalinda misuli wakati unapungua, jambo ambalo mabibi harusi wangu wa maji ya limao hawaambiwi. Na nimekataa kula nikiwa kwenye cherehani. Binti wa maandazi anapita na ndoo yake saa nne, tunasalimiana, anapita. Nikitaka andazi nalila mezani, nimekaa, na siku hiyo ni andazi kweli.

Mazoezi. Mtu mwenye kilo zaidi ya mia akiambiwa akimbie, ameambiwa akavunje magoti. Tembea. Moshi imeinamia mlima, ukielekea kaskazini unapanda, na kupanda ni mazoezi mazito bila kurukaruka. Kinachoumiza goti zaidi ni kushuka. Kwa hiyo nilikuwa napanda kwa miguu kuelekea hospitali ya KCMC asubuhi, kisha narudi mjini kwa Hiace. Kondakta walinizoea. Lengo linalopendekezwa ni angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukufanya uheme kidogo, na ukianza na dakika kumi si aibu. Mara mbili kwa wiki fanya kitu cha nguvu: kukaa na kuinuka kwenye kiti, kusukuma ukuta, kuinua madumu ya maji.

Kuna jambo ambalo washauri wembamba hawalisemi kwa sababu hawalijui: mapaja. Yanasuguana, yanachubuka, na kesho hutembei. Shona au nunua taiti ya pamba inayofika juu kidogo ya goti, uvae ndani ya gauni, na upake mafuta ya mgando mahali panaposuguana. Mshono wa katikati usipite kwenye msuguano wenyewe. Mwambie fundi wako aweke kipande cha umbo la almasi pale miguu ya taiti inapokutana. Wateja wangu kadhaa walianza kutembea baada ya taiti tu.

Chai za kupunguza tumbo ziache. Nyingi zina sanamaki, inayoharisha. Kilichopungua ni maji na kinyesi, mafuta yako palepale. Kupungua kwa kasi kubwa pia kunaweza kuleta mawe kwenye mfuko wa nyongo. Zipo sindano za kupunguza uzito za dawa iitwayo semaglutidi ambazo kweli zinafanya kazi, lakini ni za kuandikiwa na daktari, na watu wakiziacha sehemu kubwa ya uzito hurudi.

Jiandae na maneno. Ukipungua Moshi watu hawakusifii kwanza, wanakuulizia. "Unaumwa?" Wengine wataanza kunong'ona kuhusu ngoma, yaani UKIMWI, au sukari. Mwaka wa kwanza mama mmoja sokoni alinishika mkono akaniambia ananiombea. Nilimjibu, "Asante mama, siumwi, nimeamua kupungua, na hospitali wananijua." Jibu fupi, la heshima, ukilirudia kila mara, linawachosha wenyewe. Shangazi na mama mkwe ni wagumu zaidi, hasa Desemba watu wakipanda nyumbani. Usikatae chakula chao. Pokea kwa mikono miwili, omba kidogo, sifia mapishi, kula taratibu uwe wa mwisho kumaliza.

Na akili huchelewa kuliko mwili. Nikiingia Memorial kwenye mitumba, mkono bado unakwenda wenyewe kwenye rundo la nguo kubwa. Kwenye daladala bado najikunja nisimbane mtu, na nafasi ipo. Ngozi ya tumbo na mikono imelegea, na mazoezi hayairudishi yote. Hili ulijue mapema lisije likakuvunja moyo. Mimi ngozi hiyo naishonea nguo ya mikono mirefu ya lesi nikipenda, na nikipenda naiacha ionekane.

Kama una watoto, na mmoja wao amekufuata mwili, msaidie bila kumwonyesha kidole. Usimpimie uzito mbele ya watu, usimnyime chakula ambacho ndugu zake wanakula, na jina Bonge lisiitwe ndani ya nyumba hata kwa upendo. Badilisha sufuria ya nyumba nzima, soda iwe ya sikukuu kwa wote, na mwache acheze mpaka giza liingie. Mtoto anayeendelea kurefuka mara nyingi hahitaji kupungua kilo hata moja. Akikaa na uzito wake huku kimo kinapanda, mwili unajipanga. Mpeleke kliniki mara moja kwa mwaka apimwe urefu na uzito pamoja, na umwombe muuguzi akueleze wewe, mtoto akiwa nje anacheza.